Sungura Niliowafuta Macho

Mke wangu hana machozi. Siku alipozikwa kaka yake kule Mkwiro alilia kwa sauti kama dada yeyote, lakini uso wake ulibaki mkavu, na wanawake waliokuwa ndani wakatazamana. Mmoja wao alimwambia kabla ya kuanua tanga, "Mwenzetu una roho ngumu, hata chozi la kusingizia?" Hakumjibu. Angeanzia wapi kueleza? Miaka kadhaa kabla ya msiba huo alipewa vidonge vya homa, vikamgeuka mwilini, vikamchubua ngozi, midomo na macho. Alipona, Alhamdulillahi. Ngozi ilirudi. Machozi hayakurudi.

Tangu hapo machozi yake yamekuwa kwenye chupa ndogo inayotoa tone moja moja. Akiamka kope zimegandana, hunyoosha mkono akaitafuta chupa kabla hajaitafuta kandambili. Alikuwa mshonaji wa kofia, na kofia zake zilivaliwa Idi mpaka Msambweni. Aliacha. Alisema sindano anaiona, tundu lake halioni.

Mwaka uliotangulia habari hii, jicho lake la kulia lilianza kufanya ukungu. Nilimpeleka kwa daktari wa macho, binti wa bara aliyekuwa akija kliniki mara moja kwa juma. Alimwekea kijikaratasi chembamba kwenye kope la chini, akatazama saa. Baada ya dakika tano alikitoa, kikavu kama alivyokiweka. Kisha akatia rangi ya manjano, akamulika kwa taa ya buluu, akaniita nami nitazame. Uso wa jicho lote ulikuwa na alama za kijani, kama kioo kilichosuguliwa kwa mchanga.

"Mwalimu," alisema, kwani kila mtu Waa huniita hivyo, "haya matone yanalowesha tu. Hayatibu. Ukungu huu ukifika katikati, jicho la Mama litazima."

"Na dawa ya kutibu?"

"Ipo marhamu wenzangu wanaiandaa. Lakini haiwezi kupakwa kwenye jicho la mtu kabla ya kujaribiwa kwa mnyama mwenye jicho kavu kama lake. Na mnyama huyo hayupo. Itabidi tumtengeneze."

Neno hilo la mwisho nilitembea nalo siku nyingi.

Mradi wao ulikodi nyumba huku kwetu Waa, mwendo mfupi kutoka shambani kwangu. Walihitaji mtu anayejua sungura, na mimi nilikuwa nimewafuga tangu nilipoacha kufundisha Kurani chuoni, maana mzee aliyezoea kusomesha watoto akikaa na ukimya huumwa. Walihitaji pia mtu wa kutia matone saa ile ile asubuhi na saa ile ile alasiri, bila kukosa. Daktari alisema aliwaza, nani hakosi saa zake kuliko mtu wa msikitini?

Hakunificha kitu. Alinieleza kwamba sungura kumi na wawili watatiwa dawa ya kukausha jicho la kulia, na la kushoto litaachwa ili kulinganisha. Jicho likikauka kama la mgonjwa, sungura huyo atakuwa mfano wa ugonjwa, na hapo ndipo marhamu itakapojaribiwa. Alisema kuna kamati iliyokaa ikakubali, na kuna mpaka ulioandikwa: sungura atakayepata kidonda cha kina aondolewe mara moja, atulizwe maumivu na atibiwe.

"Wataumia?" nilimwuliza.

"Watawashwa. Kama anavyowashwa Mama."

Miaka mingi niliwafundisha watoto kwamba mnyama hapigwi usoni wala hatiwi alama ya moto usoni, na kwamba tutaulizwa juu yao. Sasa niliombwa kuwatia wanyama ugonjwa usoni kwa mkono wangu. Niliswali istikhara, kumwomba Mungu anichagulie. Nikampigia simu mwalimu mwenzangu wa zamani aliyehamia Jego, mtu asiyeweza kujibu neno kabla ya kulifanyia mzaha.

"Sungura ukimla kwa wali wa nazi huniulizi," alisema. "Ukitaka kumtia dawa ya jicho ndiyo unatafuta fatwa?"

"Ndugu yangu, mimi sichezi."

Akaacha mzaha. "Basi nikwambie ninavyoona mimi, na Mungu ndiye ajuaye. Kama haja ni ya kweli, na njia nyingine hakuna, na hamzidishi dhara kuliko inavyolazimu, fanya. Lakini fanya kama mtu anayeogopa. Siku utakayoona huogopi tena, toka."

Hilo la kuogopa nililiweza bila taabu.

Walikuwa sungura weupe, wakubwa kuliko wangu. Chumba chao kilifungwa madirisha na kutiwa mashine ya kukausha hewa, kwa sababu hewa ya pwani yetu ina maji mengi, na daktari alihofia jicho lisingekauka humo. Mashine ile ilijaza ndoo kila siku. Nilikuwa nikiitazama ndoo hiyo nikistaajabu kwamba maji yote yale tulikuwa tukiyavuta puani tukidhani ni hewa tupu.

Sungura hapepesi macho ovyo. Anaweza kukukodolea mpaka wewe ndiye unayeona haya. Lakini nilipowatia dawa siku ya kwanza walianza kupepesa, wakajisugua kwa miguu ya mbele, mmoja mwenye sikio lililokatika akageuka akaficha uso pembeni mwa kizimba. Mke wangu hufanya vile vile. Jicho likimwuma huuelekea ukuta.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo wasomaji wa pwani wanalijua. Kila alfajiri nilikuwa nikimwandikia mke wangu kombe. Nilichukua sahani nyeupe, nikaandika aya za shifa kwa wino wa zafarani, nikaosha maandishi kwa maji yenye marashi mawaridi. Alikunywa, na kidogo alijipangusia kope. Yaliyobaki hayamwagwi chooni wala mahali pa kukanyagwa, kwa heshima ya yaliyoandikwa. Desturi yangu ilikuwa kuyamwaga shinani mwa mlimau.

Asubuhi moja ya juma la kwanza nilichelewa. Niliyatia yaliyobaki kwenye chupa nikaondoka nayo, nikikusudia kuyamwaga mahali safi njiani. Niliifikisha chupa kazini. Nikatia matone. Yule mwenye sikio lililokatika akaficha uso. Nikatazama chupa mkononi, nikatazama sungura, nikachukua pamba.

Nilimfuta jicho la kulia, kisha la kushoto, ili lisione wivu. Nikawafuta wote kumi na wawili. Walitulia. Alasiri nilifanya tena, na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka ikawa sehemu ya kazi. Sikumficha daktari kwa kukusudia. Nilivyoona mimi, nilikuwa kama mtu anayempangusa mgonjwa jasho. Nani huandika kitabuni kwamba amempangusa mgonjwa jasho?

Kila juma daktari alikuja kupima. Mimi nilimfunga sungura taulo nikamkumbatia, yeye akaweka kijikaratasi na kuwasha taa ya buluu. Juma la pili, karatasi zililowa. La tatu, zililowa. La nne alikaa kwenye kiti akavua miwani.

"Sielewi, Mwalimu. Kwingine kote dawa hii imekausha."

Alibadilisha chupa ya dawa. Akaipima mashine ya hewa. Akabadilisha majani na hata taulo. Mimi nilikuwa nikimsaidia kubadilisha, na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Niliamini nimeshuhudia karama. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamkuta mke wangu akichambua mchicha kwa kuupapasa.

"Sungura wamekingwa," nilimwambia. "Dawa haiwashiki. Nawafuta kwa kombe lako."

Aliacha kuchambua. "Unawafuta lini?"

"Nikishawatia matone."

"Papo hapo?"

"Papo hapo. Wakipepesa tu."

Aligeuza uso upande niliokuwa, jicho la kushoto mbele kama kawaida yake. "Mwalimu, mimi kombe hilo nalinywa mwaka wa pili huu, na sijakata tamaa na Mola wangu. Lakini nikuulize. Mtoto akijipaka pilipili jichoni ukamwosha pale pale, utasema amekingwa?"

Niliokota jani la mchicha lililoanguka.

"Unamtilia dawa daktari, halafu unaiosha," alisema. "Umemwambia?"

"Bado."

"Bado, ama hutaki?"

Nilisema naenda kuswali, na ilikuwa kweli kwamba adhana ilikuwa karibu, lakini sikwenda kwa sababu hiyo.

Kuanzia siku ile sikuwafuta tena, na kuanzia siku ile sikulala vizuri. Nilikuwa nimeacha kosa bila kulitaja, nikajidanganya kwamba mambo yatajinyoosha. Lakini sasa hesabu ya daktari iliharibika zaidi. Alipokuja juma la tano alikuta macho yameanza wekundu kidogo, akashangaa upya, akaandika kurasa mbili. Aliniambia amepata barua. Wakubwa wa mradi walisema ikiwa kipimo kinachofuata hakitaeleweka, nyumba ya Waa itafungwa na kazi itapelekwa nchi nyingine.

"Na marhamu?" niliuliza.

"Itangoja huko. Mwaka, miaka miwili. Sijui."

Jicho la mke wangu lisingengoja miaka miwili. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Na hata hivyo mdomo haukufunguka.

Nataka kusema kweli juu ya hofu yangu, kwa sababu wakati ule niliivisha nguo nzuri. Nilijiambia nanyamaza ili Kitabu kisidharauliwe. Niliwaona watu wa bara wakisoma ripoti, wakicheka: mzee wa pwani kawaosha sungura kwa maji ya aya. Nilijiambia afadhali kazi ife kuliko jambo hilo lichekwe. Lakini nikiwa kwenye sala, mahali ambapo mtu hujidanganya kwa shida, niliona ni mimi niliyeogopa kuchekwa. Kitabu hakikuniomba nikilinde kwa uongo. Wiki hiyo nilipoteza hesabu ya rakaa mara tatu, nikasujudu sijda ya kusahau mara tatu, na kijana aliyekuwa akiswali kando yangu akaniuliza kama naumwa.

Kulikuwa na hofu nyingine, ndogo lakini yenye meno. Chupa za matone za mke wangu zilitoka mkononi mwa daktari yule yule. Akinifukuza, tungezipata wapi?

Nilimpigia tena mwenzangu wa Jego. Nilimsimulia. Nilitegemea mzaha, na nilikuwa nimejitayarisha kuudhika.

"Kama kuna mtu amekupa mbegu umpandie," alisema, "nawe ukazichemsha kwa huruma zisiteseke ardhini, utamwambia au utamwacha amwagilie?"

"Nitamwambia."

"Basi unajimalizia salio la simu kwa nini?"

Siku ya kipimo nilifika mapema. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Daktari alipokuja alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, na kabla hajafungua mlango nikasema, "Binti yangu, usipime leo. Nimekuharibia."

Alisimama na funguo mkononi. Nikamwambia yote, la sahani, la zafarani, la chupa, la pamba. Nilitazama chini, kwa hiyo sikuuona uso wake. Nilingoja kicheko.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku. Asubuhi na alasiri. Mpaka juma la nne."

"Dakika ngapi baada ya matone?"

"Sikupima. Mara moja."

"Jicho la kulia peke yake?"

"Yote mawili. Niliona si haki kulibagua moja."

Hapo ndipo alipotoa sauti, na haikuwa kicheko hasa. Alikaa ngazini kando yangu, akaweka mkoba magotini. "Yote mawili kwa haki," alisema polepole. "Mwalimu, nimekesha mwezi mzima nikitafuta kosa langu. Niliandika kwa wakubwa kwamba nadhani ni hewa ya Waa. Nimeisingizia Waa nzima."

"Nisamehe."

"Nimekasirika," alisema. "Sitakuficha. Nimekasirika sana. Kwa nini hukuniuliza? Ningekwambia tu usifute. Hata ningekueleza kwa nini."

Lilikuwa jambo dogo namna hiyo tu. Kumwuliza.

Tuliingia ndani. Alinipa daftari la kazi akaniambia niandike mwenyewe kwa mkono wangu nilichofanya, tangu siku ya kwanza. Niliandika kwa Kiswahili, taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaandikia watoto ubaoni. Nilipofika kwenye kombe nilisita. Nikaandika: maji yaliyooshea aya, yenye zafarani na marashi. Alisoma, akasema, "Vizuri. Marashi nayo ni muhimu kujua."

Kisha nikauliza nini kitafuata, na hilo ndilo jibu lililoniuma kuliko yote.

"Hawa hawafai tena kwa kipimo," alisema. "Nitaiomba kamati wapewe wafugaji. Tukiruhusiwa kuendelea, tutaanza na wengine. Kumi na wawili."

Nilitazama vizimba. Nilikuwa nimetaka kupunguza maumivu ya sungura kumi na wawili. Sasa wengine kumi na wawili, ambao pengine wasingeletwa kabisa, wangeanza upya kwa sababu ya pamba yangu. Nilitafuta mahali pa kumwomba sungura msamaha na sikupaona. Niliomba kwa aliyewaumba.

Wakubwa waliandika baada ya siku kumi za kungoja ambazo sitaki kuzirudia hata kwa kalamu. Mke wangu aliniambia mara moja tu nile, kwa kuwa njaa yangu haitamrudishia jicho. Barua ilisema kosa limeelezwa waziwazi, kwa hiyo kazi inaweza kurudiwa mara moja tu. Daktari alinijia nyumbani kunipa habari, akanywa chai, kisha akaniuliza kama ningependa kupumzika, atafute mtu mwingine.

Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Nilichoka kuogopa. Mke wangu akajibu kabla yangu.

"Daktari, mtu mwingine huyo atawahurumia?"

"Sijui, Mama."

"Huyu ninamjua," alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Anahurumia mpaka anaharibu. Mwambie mahali pa kuitia hiyo huruma."

Daktari alicheka, safari hii kicheko kamili. Akanigeukia. "Pa kuitia papo. Ule mpaka ulioandikwa, wa kidonda. Mimi naja mara moja kwa juma. Wewe uko nao kila siku. Ukiona kimoja kimefika, niite."

Basi nilirudi, kwa sungura wapya kumi na wawili. Matone asubuhi, matone alasiri, na baada ya matone nilirudisha mikono mgongoni na kuishika mmoja kwa mwingine. Walipepesa. Walijisugua. Nilisimama hapo kila mara mpaka watulie, kwa sababu niliona kuondoka upesi kungekuwa kujihurumia mimi. Juma la tatu karatasi zilitoka kavu, na chini ya taa ya buluu nikaziona zile alama za kijani. Daktari alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Mimi niliongeza mzigo mwingine: sasa nilipaswa kujua mpaka uko wapi.

Nikiita mapema kwa huruma, nitakuwa nimesema uongo na kuharibu mara ya pili. Nikichelewa, nitakuwa nimemtesa kiumbe kwa sababu ya jicho la mke wangu. Nilijifunza kutumia ile taa. Nilipima kwa macho yangu ya kizee, nikapima tena, nikaenda nje, nikarudi.

Asubuhi moja ya juma la nne, sungura mmoja, mdogo kuliko wenzake, hakufungua jicho nilipomulika. Nilimfungua kope kwa kidole. Katikati ya kijani kulikuwa na doa lililozama. Moyo uliniambia ni lenyewe, kisha ukaniambia unataka tu liwe lenyewe. Nilitazama mara tatu. Nikapiga simu.

Daktari alifika kabla ya adhuhuri. Nilimkumbatia sungura kwenye taulo, nikihisi mapigo yake ya haraka kifuani pangu, au labda yalikuwa yangu. Aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Umeita wakati wake," alisema.

Alimtia dawa ya kutuliza pale pale, akamwandikia matibabu, na namba ya kizimba kile ikatolewa kwenye orodha ya kipimo. Wiki iliyofuata marhamu ingeanza kupakwa kwa waliobaki.

Nilimsimulia mke wangu tulipokuwa tukingoja magharibi barazani.

"Wamebaki wangapi?" aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Wanatosha?"

"Daktari anasema wanatosha. Lakini hajui kama dawa itafanya kazi. Hakuna anayejua."

Alitikisa kichwa. Ukungu wa jicho lake la kulia ulikuwa umeuvuka ukingo wa mboni. Tulikuwa tumeonyeshwa kwenye picha, na sote wawili tulijua. Nilitaka kusema neno la kumtia moyo, na yote niliyoyapata yalikuwa ya kunitia moyo mimi. Nikamwambia hivyo.

"Basi nyamaza," alisema, "unitie dawa."

Akainua uso, nikamtia tone, la kulia kwanza.